Kufika Maktau: jinsi ya kutafuta uwanja wa ndege aliofyeka babu yako

Nyumbani kwetu hadithi hii ilikuwa ya kuchekesha watoto. Baba yake babu, aliyechukuliwa ukariakoo (upagazi wa jeshi) kutoka Mombasa wakati wa vita vya Mjerumani, alikuwa akisema kwamba alifyeka pori huko Maktau "ndege wapate pa kutua." Wajukuu wakamuuliza: ndege gani hao wasiojua kutua mtini? Naye akawajibu kuwa ni ndege wa matambara, wenye mtu tumboni. Wakazidi kucheka. Alipofariki hadithi ikabaki ya utani, na mwenye kuirudia sana alikuwa ami yangu, ambaye mwenyewe hakuiamini hata chembe.

Kumbe mzee alikuwa akisema kweli tupu. Mwaka 1915 Waingereza walikuwa na uwanja wa ndege Maktau, kwenye njia ya kutoka Voi kwenda Taveta. Waliurukia watu wa kikosi cha anga cha jeshi lao la majini, kwa ndege za Kifaransa aina ya Caudron, za mbao na kitambaa. Februari 1916 ikafika Skwadroni ya 26 ya Royal Flying Corps, kikosi cha anga cha jeshi lao la nchi kavu, na ndege zake za BE2c, ikapiga kambi Mbuyuni, mbele zaidi kuelekea Taveta. Tangu nijue hayo nimekwenda huko mara tatu. Mara ya kwanza nilikosea karibu kila kitu, na sehemu kubwa ya mwongozo huu imetoka kwenye makosa hayo.

Jambo moja lieleweke mapema. Miongozo mingi ya kutembelea viwanja vya vita imeandikiwa wajukuu wa marubani. Wao wana jina, cheo, namba ya jeshi, pengine na picha ya babu amesimama kando ya injini. Sisi wajukuu wa waliofyeka, waliochota maji na waliobeba mapipa hatuna hayo, kwa hiyo safari yetu lazima ipangwe kwa njia nyingine: tunatafuta kazi iliyofanywa na mahali ilipofanyiwa, halafu jina, likipatikana, liwe ni bahati.

Hatua ya kwanza: kaa na wazee kabla hujakaa na kompyuta

Nenda na kinasa sauti, au simu yako tu, na uache mzee aseme kwa mpangilio wake. Usimuulize "ilikuwa mwaka gani?" Miaka hiyo haikuhesabiwa hivyo. Muulize alichukuliwa wakati wa njaa gani, nani alikuwa chifu au liwali, alirudi kabla ya nani kuzaliwa.

Kisha sikiliza maneno, maana ndiyo yatakayokwambia ni vita vipi. Akisema "vita vya Mjerumani", "kariakoo", au akataja kubeba mizigo kwa miguu hadi Rufiji, hiyo ni vita ya 1914 hadi 1918. Neno kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, na ndilo lililoachia jina mtaa wa Dar es Salaam na ule wa Nairobi. Akisema Hitila, Abisinia, Madagaska au Boma (ndiyo Burma), uko kwenye vita vya pili, na viwanja vyako ni vingine kabisa. "Keya" haisaidii sana peke yake, kwa kuwa King's African Rifles ilipigana katika vita vyote viwili.

Uliza pia kuhusu vitu. Familia nyingi zina kipande cha chuma kilichofungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku, na kila mtu anaapa kuwa ni cha vitani. Kiangalie vizuri. Wapagazi walipewa kisahani chenye namba. Lakini kikopo cha chuma cha kuning'iniza shingoni ni cha kipande, kile kitambulisho cha kazi ambacho serikali ya kikoloni Kenya ilianza kuwavalisha wanaume Waafrika vita vilipokwisha, kuanzia 1919 na 1920. Cha kwetu kilikuwa cha kipande. Bibi alinuna wiki nzima nilipomwambia.

Na ukumbuke kuna familia ambazo babu yao alikuwa upande wa pili. Taveta ilishikwa na Wajerumani tangu Agosti 1914 hadi Machi 1916, na askari wao wengi walikuwa Waafrika. Usimkatize mzee akianza kusifu jeshi ambalo hukutarajia.

Hatua ya pili: makaratasi, kwa wasio na jina

Mahali pa kuanzia ni tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Utafutaji ni bure. Andika jina la babu kwa tahajia zote unazoweza kufikiria (karani wa Kiingereza aliyesikia "Hamisi" anaweza kuwa ameandika lolote), kisha jiandae kutoliona. Tume yenyewe ilitoa ripoti Aprili 2021 ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina baada ya vita hivyo au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo ukimkosa babu yako humo usidhani familia ilidanganya. Na kama babu alirudi salama, kama wa kwetu, hapaswi kuwa humo hata kidogo, kwa sababu orodha hiyo ni ya waliokufa. Nilipoteza siku mbili kabla sijaligundua hilo.

Badala ya jina, fuata mkondo wa kazi. Nyaraka za Taifa za Kenya, pale Moi Avenue, Nairobi, zina ripoti za mwaka za wakuu wa wilaya za enzi hiyo. Humo unaweza kukuta watu wangapi walichukuliwa wilayani kwenu na lini. Sheria ya kuwakusanya wapagazi kwa nguvu ilitungwa 1915, na msako mkubwa kuliko yote ulikuwa wa 1917. Ukijua babu yako alichukuliwa 1917, basi hakufyeka Maktau, maana kufikia hapo vita vilikwishahamia kusini kabisa mwa Tanganyika. Tarehe moja ya namna hiyo inaweza kukuokolea nauli.

Nyaraka za Taifa za Uingereza, kule Kew, zina shajara za kila siku za vikosi: tafuta fungu la WO 95 kwa majeshi ya nchi kavu, na AIR 1 kwa mambo ya ndege. Sehemu ya shajara hizo imepigwa picha na unaweza kuinunua kwa mtandao. Zinataja marubani kwa majina. Wapagazi wanatajwa kwa idadi, pale wanapotajwa.

Hatua ya tatu: chagua uwanja mmoja

Usijaribu kuona vyote safari moja. Kama hadithi ya kwenu ina reli, vumbi, tembo na kiu, ni njia ya Voi–Taveta. Reli ile ilijengwa kwa ajili ya vita: ilianza Voi, ikafika Maktau katikati ya 1915 na Mbuyuni mwanzoni mwa 1916, na baadaye ikaunganishwa na reli ya Mjerumani huko Kahe. Maji yalikuwa shida kubwa, ikabidi yaletwe kwa bomba kutoka upande wa Bura. Babu wa watu wengi walifanya kazi hizo mbili bila kuona ndege hata moja.

Kama hadithi ina bahari, mikoko na meli kubwa iliyojificha, hiyo ni Mafia. Waingereza walikiteka kisiwa hicho Januari 1915 wakakifanya kituo cha ndege za kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg katika delta ya Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915 ndege iliyoendeshwa na John Cull, na Harwood Arnold akiwa mtazamaji, ilizielekeza meli za Kiingereza Severn na Mersey wapi zipige. Ndege yao ilipigwa ikaangukia mtoni, na Arnold aliendelea kutuma ishara huku wakishuka. Mafia unafika kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam au kwa boti kutoka Nyamisati hadi Kilindoni. Mzinga mmoja wa Königsberg uko Fort Jesus, Mombasa. Nilikuwa nikiupanda nikiwa mtoto, sijui ni nini.

Na kama ni vita vya pili, tahadhari: viwanja vingi vya wakati huo bado vinafanya kazi. Uwanja wa Eastleigh, Nairobi, ni kambi ya jeshi la anga. Port Reitz, Mombasa, ndio uwanja wa kimataifa wa Moi. Huko huendi na kamera shingoni ukasema unatafuta nyayo za babu.

Kuanzia hapa nazungumzia Maktau.

Hatua ya nne: ramani kabla ya gari

Fungua picha za setilaiti na uanze na reli. Njia ya zamani bado inaonekana, na ndiyo uti wa mgongo wa kila kitu: kambi zilikuwa kando yake, na uwanja haukuweza kuwa mbali na kambi. Tafuta ardhi tambarare, iliyo wazi kuliko pori linaloizunguka, isiyokatwa na korongo. Weka alama sehemu mbili tatu unazozishuku. Pakua ramani kwenye simu uweze kuitumia bila intaneti, kwa sababu mtandao huko unakuja na kuondoka utakavyo.

Msisitizo huu una sababu. Safari ya kwanza nilikwenda na ami bila ramani, saa saba mchana. Tukashuka, tukaona uwanja mzuri, mpana, umesawazishwa. Ami akavua kofia. Tukasoma Fatiha, tukapiga picha, ami akalia kidogo, akaomba radhi kwa kicheko cha miaka yote ile. Tulipokuwa tunaondoka wakaja watoto na mpira wa makaratasi wakatuuliza kwa adabu kama tumemaliza, wanataka kucheza. Tulikuwa tumesimama kwenye kiwanja cha mpira, karibu na pale ambapo goli lilikuwa limeng'olewa.

Hatua ya tano: wakati na usafiri

Nenda kiangazi: Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Masika yakishanyesha, nyasi zinafunika kila kitu na udongo mwekundu unashika viatu kama gundi. Mimi napenda mwisho wa Septemba, pori likiwa limekauka na ardhi imebaki uchi.

Kutoka Nairobi au Mombasa panda treni ya Madaraka, ile inayosimama vituoni, ushuke Voi. Kata tiketi mapema. Lala Voi. Alfajiri chukua matatu ya Taveta inayopita Mwatate na Bura. Barabara ni ya lami, Voi hadi Taveta ni kama kilomita 110, na Maktau iko karibu na katikati. Mwambie kondakta mapema, tena mkumbushe, la sivyo utajikuta Taveta sokoni unaulizwa unanunua ndizi za kiasi gani.

Mkiwa watatu au wanne, kukodi gari Voi kuna faida, maana mtataka kusimama njiani. Barabara hii inapakana na Tsavo Magharibi, na tembo hawajui mpaka wa hifadhi. Usipange kuwa porini jua likitua.

Hatua ya sita: hodi

Hili ndilo watu wengi wa mjini wanalolipuuza. Ardhi unayoiona tupu ina mwenyewe: kuna mashamba, ranchi, na sehemu za hifadhi. Nenda kwanza kwa naibu chifu au mzee wa kijiji. Salimia, kaa, eleza umetoka wapi na babu yako alifanya nini. Usianze na neno "vita", anza na neno "babu". Mtu akisikia umekuja kumtafuta mzee wako anakuelewa. Akisikia umekuja kutafuta mambo ya vita anadhani unatafuta vyuma au dhahabu ya Mjerumani, na wapo kweli wanaokuja kuitafuta.

Omba akupe mtu wa kukuongoza, na umlipe vizuri, mkubaliane kabla hamjaanza. Mchungaji wa mbuzi anajua pori lile kuliko ramani yoyote. Mara ya pili nilitembea na mzee mmoja aliyenisikiliza maelezo yangu yote ya setilaiti, akanyamaza, halafu akasema: "Wewe unatafuta pale mbuzi wanapopenda kulala." Tukaenda.

Hatua ya saba: ukifika

Usitegemee kuona lami, mnara wala ghala. Uwanja wa 1915 ulikuwa ardhi iliyofyekwa: miti imekatwa, visiki vimeng'olewa, mashimo ya wanyama yamefukiwa. Ndege zilikaa chini ya mahema. Kwa hiyo unachotafuta ni kutokuwepo kwa vitu. Fika asubuhi, jua likiwa bado liko chini, kwa sababu vivuli ndivyo vinavyoonyesha mikunjo ya ardhi. Saa sita mchana kila kitu kinalala sawa. Tembea kwa mstari ulionyooka, uhesabu hatua, uangalie mahali miti mikubwa inapokoma ghafla na vichaka vya umri mmoja vinapoanza.

Ushahidi wenyewe hauko uwanjani, uko kando, walikokula na kutupa. Mzee yule alinionyesha kwa fimbo: kitako cha chupa ya kijani kibichi, kioo kinene chenye mapovu ndani, na karibu yake kopo lililooza likabaki kama jani kavu, rangi ya kutu, ukingo wake una mshono wa madini ya risasi yaliyoyeyushwa kwa mkono. Nikachuchumaa hapo muda mrefu. Sikuligusa.

Nawe usiguse. Kopo likishatoka mahali pake linakuwa takataka tu. Piga picha, weka kitu cha kupimia kando yake (sarafu inatosha), andika mahali simu inapokuonyesha. Ukikuta kitu chenye umbo la risasi kubwa au kombora, rudi nyuma kwa nyayo zako na uwaarifu polisi. Droni iache nyumbani kama huna kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Karibu na hifadhi hawana mchezo.

Vaa viatu vya kufunika, suruali nzito, na beba maji mara mbili ya unavyodhani. Miiba ya huko haibagui mjukuu wa nani.

Hatua ya nane: makaburi

Usirudi Voi bila kupita makaburini. Maktau kuna makaburi ya Wahindi, askari waliotoka mbali kuja kufa kwenye vumbi hili. Voi kuna kaburi la Luteni Wilbur Dartnell, Mwaustralia aliyeuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915 kwa sababu alikataa kuwaacha majeruhi wenzake. Alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza. Taveta kuna makaburi ya kijeshi yaliyotunzwa vizuri, nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa kwa safu. Utaona humo Waafrika Kusini wengi, maana walipigwa vibaya kilimani Salaita tarehe 12 Februari 1916, siku chache tu baada ya ndege za BE2c kufika Mbuyuni. Kilima chenyewe unakipita ukiwa njiani. Huko watakuonyesha pia mbuyu ambao ndani yake, wanasema, alijificha mwanamke wa Kijerumani akidungua watu. Sikiliza, furahia, usiandike kama historia.

Unaweza kuona uchungu hapo, ukisoma safu za majina huku ukijua walio wengi hawamo. Mimi niliona. Ami, tuliyekwenda naye tena safari ya tatu, aliona jambo jingine: kijisanduku ukutani chenye kitabu cha wageni. Akakitoa, akakifungua, akaomba kalamu. Iliyokuwemo ilikuwa imekauka, kwa hiyo beba ya kwako. Pale wanapoandika jina la mgeni aliandika jina la babu yake, kwa herufi kubwa, polepole. Kwenye nafasi ya anwani akaandika Mombasa. Kwenye nafasi ya maoni alifikiri sana, kisha akaandika: "Alifyeka uwanja wa ndege, Maktau, 1915." Akaweka tarehe ya siku ile, akanirudishia kalamu, akauliza matatu ya mwisho ni saa ngapi.

Ni saa kumi na moja, lakini ikijaa mapema huondoka mapema. Uwe stendi saa kumi.